Kiti cha Kutazama Nyuma

Mwanangu alipotimiza miaka miwili alikuwa mzito wa kunivunja mgongo, na mbeleko ikawa haitoshi tena. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku juu, upande wa barabara kuu karibu na Bungu. Kila asubuhi nilimpeleka kwa bibi yake, mama mkwe wangu, anayekaa chini kuelekea bondeni kwenye mashamba ya mpunga, na jioni nilimfuata. Ni mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, njia ya mchanga inayopita katikati ya mikorosho. Asubuhi ukungu unakuwa bado umelala kule chini, unasikia jogoo kabla hujaiona nyumba. Mume wangu anaendesha trekta upande wa Ngarambe na wiki nyingi tulimwona Ijumaa tu, kwa hiyo kiti cha mtoto nilikichagua mwenyewe, na makosa ni yangu mwenyewe.

Watoto wengi huku hupandishwa kwenye keria tu, juu ya gunia lililokunjwa, miguu huku na huku, mikono imeshika shati la baba. Hilo sikulitaka kulisikia. Darasani kwangu alikuwapo mtoto aliyekaa mwezi mzima amenyoosha mguu, kisigino kimeliwa na spoku, na kila nilipogeuka kutoka ubaoni macho yangu yalikwenda pale pale. Kiti kidogo cha mbele, kile cha kufungwa kwenye bomba la katikati, kilinivutia kwa sababu mtoto anakuwa kifuani kwako, unamsikia hata akipumua. Lakini baiskeli yangu ni ya kike, bomba hilo haina. Fundi baiskeli wa Kibiti alinicheka mbele ya watu.

"Sasa mwalimu, hiki tukifunge hewani?"

Nilimnunia, nikaondoka zangu. Siku ya tatu nikarudi kwake kwa upole, maana nilikuwa nimepata cha plastiki kwenye lundo la mtumba pale sokoni na nilihitaji mtu wa kukifunga.

Kilikuwa cha buluu iliyopauka, kina mikanda ya kuvuka kifua na vikombe viwili vya kuingiza miguu. Nilikikagua kama ninayekagua nyumba ya kupanga. Nikakitikisa, nikaivuta mikanda, nikamkalisha mtoto humo hapo hapo sokoni. Akatulia, ameshika kingo kwa mikono miwili, akiwatazama wauza nyanya kama mtu aliyefika anakokwenda. Nikasema basi, ndicho hiki.

Asubuhi kilikuwa raha tupu. Alikuwa anaimba nyuma yangu wimbo usio na maneno, na ule wimbo ukitingishwa na mashimo ya njia ulikatika na kuungika tena. Jioni mambo yaligeuka. Bibi yake alikuwa akiacha ukili wa mkeka aliokuwa anasuka, anatoka barazani, anasimama njiani mbele ya nyumba kutuaga. Sisi tukianza kwenda, mtoto analia. Kilio chenyewe si cha kudeka. Alikuwa anajinyonga ndani ya ile mikanda, anageuza shingo, anageuza kiwiliwili chote kumtafuta bibi yake, na baiskeli inayumba na mimi nayumba nayo.

Niliona wivu. Naliandika neno hili sasa kwa sababu wakati ule sikulisema hata kwa mume wangu. Mimi ndiye niliyemzaa, na kila jioni kurudi nyumbani na mimi kwake kulikuwa kama kupelekwa jela. Mama mkwe wangu kwa utani wake wa bibi na mjukuu alikuwa akimwita mtoto mume wake. "Haya, mume wangu anachukuliwa," anasema, "mke mdogo kaja." Majirani wanacheka. Mimi pia nilicheka, meno ya mbele tu.

Siku moja nikamwambia, "Mama, tukiondoka wewe ungeingia tu ndani. Akikuona ndiyo analia."

Akanitazama kidogo. "Naingia, mwanangu," akasema. "Akishapotea, naingia."

Jioni ile ile tulianguka. Ilikuwa pale njia inapopinda kwenye mikorosho mitatu iliyoshikana, mahali nyumba inapopotea. Mtoto alijipinda kwa nguvu zake zote, gurudumu la mbele likazama mchangani, tukaenda chini wote. Mikanda ilimshika vizuri, sina neno nayo. Alikuwa na mchanga kwenye nyusi tu. Goti langu ndilo lililochunika. Nilimwangalia miguu, nikamwangalia kichwa, nikamwangalia tena miguu. Kisha nikakaa chini kwenye mchanga nikalia, na yeye kwa mshangao akanyamaza.

Tukarudi kwa bibi yake kwa miguu, baiskeli naikokota. Aliniosha goti kwa maji ya chumvi bila kuuliza. Nilianza kukilaumu kiti, kwamba ni kirefu mno, kwamba kinamweka mtoto juu sana. Akaniacha niseme hadi nikaishiwa.

"Mgeuze aangalie huku," akasema. "Pale alipokaa ana nini cha kutazama? Mgongo wako?"

"Mgongo wangu una nini, mama?"

"Hauna kitu, mwanangu. Ni mgongo."

Wiki nzima nilimpeleka kwa miguu kwa hasira. Nimgeuze mwanangu anipe mgongo, amtazame mwanamke mwingine njia nzima, na mimi ndiye ninayekanyaga pedeli! Lakini kila jioni nilipita pale kwenye mikorosho mitatu, na kila jioni niliziona zile nyusi zenye mchanga. Siku ya nane nikaenda kwa fundi wa kuchomelea aliye kando ya lami, nikamchorea kiti kwenye vumbi kwa kijiti.

"Kinatazama nyuma?" akauliza. "Kama tenga la kuku?"

"Kama tenga la kuku," nikamjibu.

Alikitengeneza vizuri sana, sitamdhulumu sifa yake. Nondo nyembamba, egemeo la juu kufika kisogoni, kibao cha kukanyagia, na wavu wa chuma kila upande wa gurudumu ili hata kidole kisipite. Keria aliiongezea miguu miwili ya kuibeba. Mikanda tuliihamisha kutoka kile cha plastiki. Bibi yake alishona mto wa sufi, akaufunika kwa kipande cha mkeka wenye mistari ya zambarau. Siku mbili nilikijaribu kwa mfuko wa unga, nikipita kwenye mashimo makusudi, kisha nikampandisha mtoto.

Jioni ya kwanza tuliondoka na hakulia. Nilisubiri kilio mabegani mwangu, kikawa hakiji. Badala yake nikasikia sauti ndogo, ya mtu anayetoa taarifa.

"Bibi bado."

Tukapita mnazi ulioinama.

"Bibi bado."

Tukafika kwenye mikorosho mitatu, tukapinda.

"Bibi kaisha," akasema, na akashusha pumzi kama mzee aliyemaliza kula.

Kuanzia hapo kila jioni alinisomea dunia kwa namna hiyo. Mbuzi bado. Mbuzi kaisha. Mnazi kaisha. Mtu wa kofia bado, bado, bado, kaisha. Mimi nilikuwa naenda mbele kwenye njia nyeupe, na yeye ananiambia nyuma kuna nini, na kati ya mambo mawili hayo mimi mwenyewe nilikuwa kama nimelala macho wazi. Maua ya mikorosho yananukia, vumbi la njia linakuwa jekundu, mchanga unanong'ona chini ya tairi. Sikumbuki kama nilikuwa nakanyaga pedeli. Halafu taarifa zinapungua, maneno yanalegea, na kichwa chake kinakuja kuegemea juu ya lile egemeo, kisogo kwa mgongo wangu, cha moto kupitia blauzi. Analala hivyo hadi nyumbani. Kumbe mgongo wangu ulikuwa na kazi.

Lakini kinyongo kidogo kilibaki. Mama mkwe wangu hakuacha kusimama pale njiani, wima, hapungi mkono, haondoki, hadi tupotee. Jioni moja tulipoondoka nilisikia harufu ya wali unaoungua ndani kwake. Nikageuka. Bado alikuwa amesimama. Nikajisemea, ukaidi gani huu wa kutaka kuonekana unapendwa.

Mwaka uliofuata niliitwa mafunzo Dar es Salaam, wiki mbili. Sikuwahi kumwacha mtoto hata usiku mmoja. Mume wangu alikuwa likizo, akanisindikiza stendi ya Bungu, mimi natembea, yeye anaikokota baiskeli, mtoto yuko kitini mwake. Basi lilichelewa na jua likawa kali, nikawaambia waende tu kwa bibi. Nikambusu mtoto kwenye nyusi. Hakulia. Baba yake akapanda, wakavuka lami, wakaingia njia ya mchanga iliyonyooka.

Na mwanangu alikuwa ananitazama. Sikuwa nimewahi kukiona kile kiti kutoka upande huu. Baba yake alikuwa shati tu linaloondoka, lakini uso wa mtoto ulikuwa wote kwangu, unapungua polepole, macho hayaniachi. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Sikusikia kitu, lakini nilijua anamwambia nini baba yake. Mama bado. Mama bado.

Nikaukumbuka ule wali. Aibu ilinishika hapo hapo barabarani, nikamhurumia mama mkwe wangu kwa jioni zote zile.

Basi likaja kwa honi, likasimama mbele yangu, likaniziba. Nikaacha begi langu chini nikazunguka nyuma yake mbio, nikasimama upande wa pili wa lami, wima, mahali pa kuonekana.

"Mama, vipi? Gari linaondoka!" konda akaita.

"Ningoje kidogo, baba," nikamwambia bila kugeuka. "Mtoto bado ananiona."