Jina Langu Kwenye Wimbo Wake

Huku kwetu mtu hulipia kusifiwa, na hakuna anayelionea haya. Ukiwa na duka, au zizi lililojaa, au umechaguliwa mwenyekiti wa kitongoji, unamwita mwimbaji, mnapatana, na baada ya muda jina lako linapigwa harusini mpaka wasiokujua wanakujua. Mimi nina duka la simu na vikorokoro vyake hapa Bariadi, karibu na stendi. Nikamwita mwimbaji mmoja kutoka Migato.

Alitaka simu mpya. Nikamtolea iliyotumika, yenye ufa kwenye kona. Tulivutana tangu nafungua duka hadi mama wa chai akapita mara ya pili, na mwisho nikamwongezea memori kadi na spika za masikioni ambazo zilisikika upande mmoja. Alipoondoka nikaona nimemweza.

Wimbo wenyewe, lazima nikiri, ulikuwa mzuri kuliko simu ile. Alinitaja jina, akalitaja duka, akaimba kwamba chaja zangu haziunguzi nyumba za watu. Hilo la chaja sikumtuma mimi, alilitunga mwenyewe, na nilitamani liwe kweli. Nikaupandisha kwenye chaneli ya duka langu mtandaoni. Vijana wa bodaboda wakaufanya mlio wa simu. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, nilihesabu watazamaji, kisha nikahesabu tena kana kwamba wameongezeka nilipokuwa natafuta ufagio.

Halafu wakaacha kuongezeka. Nikatafuta, nikakuta chaneli nyingine, yenye jina la mwanamke nisiyemjua, imeweka video tatu za wimbo ule ule, na watu wote wamehamia huko. Nikaona nimeibiwa. Mtandao una sehemu ya kulalamika kwamba kazi yako imeibwa. Fomu iliuliza kama mimi ndiye mwenye haki ya kazi hiyo. Mimi, ambaye chenji naihesabu mara mbili hata ya pipi, hapo nilijiuliza mara moja tu: Aliyetajwa ni nani? Mimi. Aliyelipa ni nani? Mimi. Nikaweka tiki. Nikajaza fomu tatu, kila video na yake, na video zikaondolewa. Siku ile niliuza kwa furaha hadi nikampunguzia mtu bei bila kuombwa.

Wiki ile ile mwimbaji akatokea dukani. Pamba ilikuwa imeshauzwa na harusi zilikuwa zimeanza. Mteja aliyekuwepo alikuwa mwalimu mmoja, mama aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, anasubiri nimbandikie protekta ya kioo cha simu.

"Mwadila, bosi," akanisalimu.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu, lakini nimeumizwa. Chaneli ya mke wangu wanaifunga. Siku saba wametupa." Akaweka juu ya kaunta simu ile yenye ufa. "Nyimbo zangu zote zimo humo. Mtu wa Lalago ananiona humo, ananipigia, naenda kumwimbia harusi. Msimu huu nina harusi nne. Mbili bado wanajishauri. Wakinitafuta wasinione, wanamchukua mwingine. Wameniandikia Kiingereza, hebu nisaidie, wewe mambo haya unayajua."

Nilikuwa bado nasafisha kioo cha mwalimu, na niliendelea kukisafisha.

"Lete nikusomee, baba," mwalimu akasema. Akasoma kimya, midomo ikicheza. "Wanasema video zako tatu zimeondolewa kwa malalamiko ya..." Akainua macho kwenye bango la duka juu ya kichwa changu, ambalo nimeliandika jina langu kwa herufi nyekundu.

"Ee, jina lake limo, hata mimi nimeliona," mwimbaji akasema. "Si ndiye niliyemwimba? Mimi namtafuta aliyenishitaki."

Hapo ndipo ilipaswa niseme. Badala yake nikasema, "Hebu niangalie," kwa sauti ya fundi. Nikaingia nyuma kwenye kompyuta, nikafuta malalamiko yangu, moja, mawili, matatu, nikarudia kuhakiki. Nikatoka.

"Haitafungwa. Usiwe na wasiwasi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja! Wabeja sana! Hili siliachi hivi hivi. Nakuongezea ubeti, bure kabisa. Mwenye duka aliyeiokoa chaneli yangu kwa mwizi." Akaanza kupiga kaunta kwa vidole, macho juu, akitafuta maneno.

Mwalimu alichukua simu yake, akageuzageuza protekta. "Haya, mfanyabiashara," akasema. "Ubeti huo. Na wa bure."

Nikauona ubeti ukiimbwa Maswa na Itilima yote, watu wakinipongeza.

"Usiuongeze," nikasema.

"Kwa nini? Nimekwambia sikudai."

"Aliyeshitaki ni mimi."

Alicheka. Alidhani nashusha bei hata ya kitu cha bure. Kisha akamtazama mwalimu, na mwalimu hakuwa anacheka.

"Nilijua wimbo ni wangu," nikasema. "Niliulipia."

"Ulilipia nikutaje." Aliongea taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nimekutaja. Kwani hukuniona mle? Ile moja tumerekodia jikoni kwangu. Mke wangu yuko nyuma anasonga ugali."

Ningeweza kusema kwamba sura yake imejaa kwenye chaneli za wezi, na ni kweli. Lakini mwizi haendi kurekodia jikoni kwa mtu.

"Nilimwona mkeo," nikasema.

Nikateremsha kutoka rafu ya juu simu mpya, boksi bado limefungwa, ile ile aliyoitaka mwanzo. Nikaisukuma upande wake. Hakuigusa.

"Sasa hapo unanunua nini?" akauliza.

Ni swali la kawaida, mimi huwauliza wateja siku nzima. Akachukua simu yake yenye ufa na kutoka. Mwalimu alilipa bei niliyotaja, hakuomba punguzo, na hilo nalo liliniuma.

Siku saba zilipita na chaneli haikufungwa. Video zile tatu hazikurudi. Nilipozitafuta nikakuta pameandikwa kwamba mwenyewe amezifuta, nami nikafuta ya dukani kwangu.

Mwezi uliofuata nilialikwa harusi Zagayu, na mwimbaji alikuwa yeye. Mdundo wa wimbo ule ulipoanza niliutambua kabla hajafungua mdomo. Majirani wa meza yangu wakanigeukia wakitabasamu. Pale penye jina langu akamtaja mwenye duka la dawa, na kwenye chaja akaweka vidonge vinavyoponya kweli. Tabasamu zikaondoka moja moja. Watu wakainuka kwenda kumtuza, nami nikainuka na noti yangu. Aliipokea, akaibana kati ya vidole pamoja na za wengine, akaendelea kumtaja yule mtu wa dawa.