Ng'ombe wa Mzee Maduhu Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimerudi kutoka Uturuki na shahada ya hisabati, nikakaa kwa mama, kijijini Ngulyati, zaidi ya mwaka nikingoja ajira, huku vyeti vyangu vikisubiri ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo cha nje ulichosoma ni chuo kweli. Mwishowe nikaomba kujitolea katika shule moja ya kata, upande wa Sapiwi. Mkuu wa shule alinitazama kuanzia viatu hadi shingo.

"Hiyo tai inakwenda wapi?"

"Kazini, Mkuu."

"Ivue. Watoto watadhani mkaguzi amekuja."

Niliivua bila kuuliza, na kutouliza si tabia yangu.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazini sasa. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu, na mimi ndiyo kwanza nimeajiriwa. Lakini wastaafu wengi huandika wakiwa wameshasahau walichokuwa wakikibishia. Mimi bado nabisha.

Aliyenifundisha kazi ni mwalimu wa taaluma, mama mkali tuliyemwita Madamu. Alinionyesha azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, mpango wa kipindi kimoja. Kwenye andalio kuna sehemu ya zana: vitu vya kumfanya mtoto aone kwa macho unachomfundisha. Hapo nilijiona bingwa. Vitabu vyetu vilijaa mifano ya abiria wa treni. Nani pale alikuwa amepanda treni? Tulipofika takwimu, kidato cha pili, kwenye zana niliandika: ng'ombe wa nyumbani. Kila mwanafunzi awahesabu jioni wakiingia zizini, alete idadi, tuchore grafu ya nguzo.

Madamu alisoma, akaguna. "Hii umeitoa Uturuki?"

"Hapana, Madamu. Nimeitoa hapa hapa."

"Mh. Haya."

Sikuwa mgeni wa jambo lenyewe. Guku, babu yangu mzaa baba, alipoulizwa ana ng'ombe wangapi alijibu neno moja: "Wapo." Mfugaji wa kwetu hatamki idadi ya mifugo yake. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, na asiyekuwepo anamgundua bila kuhesabu. Idadi ikishatamkwa, wazee husema, kifo kimesikia. Nilijua hayo kama ninavyojua hadithi za fisi. Nilidhani watoto wenye simu mfukoni wameshayapita.

Kesho yake nikaanza kuwauliza mmoja mmoja. Wengi walitunga namba, niliona machoni. Kijana mmoja alisimama, akasema kwa sauti ya kizee, "Wapo, Mwalimu," darasa zima likaangua kicheko. Minza peke yake alileta idadi ya kweli.

"Nimehesabu mara mbili, Mwalimu, nisije nikakosea."

Ndiye aliyekuwa akiongoza hisabati. Tulichora grafu kwenye karatasi ya manila na nguzo yake ikawa ndefu kuliko zote, jina la baba yake chini yake. Nikaitundika ukutani, nikarudi ofisini nimefurahi.

Wiki ile ile wakafa ng'ombe wawili kwa Mzee Maduhu, baba yake Minza. Minza hakuonekana tena darasani. Rafiki yake Holo ndiye aliyeniambia.

"Baba yake kasema aliyewahesabu ndiye atakayewachunga."

Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili ulikuwa unakaribia. Asiyeufanya haingii cha tatu, na msichana anayebaki nyumbani kwa sababu hiyo hakai sana kabla hajaanza kuletewa posa.

Mkuu aliniita. "Ungekuwa mtu wa Lindi ningekuelewa. Wewe wa Ngulyati!"

"Mkuu, ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Daktari wa mifugo kasema. Twende kwa mtendaji wa kata, sheria ipo."

"Ipo. Mtendaji atamleta mtoto asubuhi. Jioni atakwenda kulala wapi?"

Nikapanda baiskeli kwenda kwa Mzee Maduhu.

Nilifika ng'ombe wakirudi. Minza alikuwa nyuma yao na fimbo, amevaa sketi ya shule. Mzee Maduhu alisimama mlangoni mwa zizi.

"Mwadila, baba," nilimsalimu, salamu yetu ya jioni.

"Mwadila. Wewe ndiye wa Uturuki. Umekuja kuhesabu waliobaki?"

Nilimweleza kuhusu ndigana.

"Ndigana naijua tangu hujazaliwa. Kupe walikuwepo mwaka jana, na mwaka juzi. Kwa nini wiki hii?"

Hilo nilikuwa na jibu lake. Nilimwambia kwamba mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba la kwanza limelizaa la pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kuliko nilivyowahi kusikilizwa chuoni.

"Mama yako yupo?"

"Yupo, Ngulyati."

"Ana watoto wangapi?"

Nikafungua kinywa. Tulizaliwa wanne. Mdogo wangu Shija alifariki nikiwa Uturuki na sikufika msibani. Nilimlilia kwenye simu. Neno "wanne" lilinikatalia. Neno "watatu" nilikuwa sijawahi kulisema, hata moyoni, na nilihisi nikilisema ndipo nitakuwa nimemzika. Ng'ombe walipita kati yetu.

"Basi," alisema, na haikuwa sauti ya mtu aliyeshinda. "Usiseme."

Minza alikuwa ameegemea fimbo. "Baba, mwalimu hakunilazimisha. Wenzangu walidanganya. Mimi nilitaka kujua."

"Kujua nini?"

"Ni wangapi."

Mzee akatikisa kichwa. "Kamfuata mama yake huyu." Kisha akanigeukia. "Atarudi shule. Lakini ng'ombe wangu watoke ukutani."

Asubuhi niliibandua manila mbele ya darasa. "Kwa nini, Mwalimu?" waliuliza, maana nilikuwa nimewafundisha kuuliza. Niliwaambia siamini kwamba kuhesabu kunaua, na sitasema ninaamini. Lakini nguzo ile haikuwa yangu kuitundika. Tukatoka nje, tukahesabu pikipiki zinazopita barabarani, na grafu ikatoka nzuri vilevile. Minza alifanya mtihani wake, akaingia cha tatu.

Ajira yangu imeshatoka, na nimepangiwa shule upande wa Nyashimo. Mtaniuliza nimejifunza nini. Sijui kama ni somo. Bado nadhani mtu mwenye mifugo angefaidika kujua idadi yake, na siku hizi nikimwona mfugaji nauma ulimi nisimuulize. Mambo hayo mawili yanaishi ndani yangu bila kupatana.

Siku ya kuniaga Mzee Maduhu alikuja, akakaa nyuma kabisa. Baadaye akanisogelea.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Na watoto wake?"

"Wapo," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akanishika mkono, akaenda zake.