Sabuni ya Lameck Iliyokataa Kuganda

Vita vya Hitler vilipochachamaa, sabuni ya mche ilitoweka madukani, na watu wa Matema wakaanza kunuka bila ubaguzi, mzee wa kanisa na mlevi. Lameck akaona bahati yake imefika. Shule ya serikali ilikuwa imemrudisha nyumbani kabla ya cheti kwa sababu ya mdomo, akiwa na kaptula moja na kemia nusu. Duniani alitaka kitu kimoja tu: kumwoa Rut, binti wa mzee Ambokile.

"Nikupe binti kwa lipi?" mzee alimwuliza. "Kuvua hujui, kulima hutaki. Niletee sabuni inayokatika kwa kisu, nitawaita wazee wako tuzungumze."

Lameck akachoma maganda ya ndizi, akachuja majivu kwa maji, akatia chokaa ya makombe ya konokono mpaka maji yakawa makali ya kuchuna ngozi. Akayachemsha na mawese katika chungu cha wafinyanzi wa Ikombe. Akakoroga kutwa. Kikatoka uji wa kahawia. Kesho yake uji. Wiki nzima uji. Wanawake waliokwenda ziwani kuteka maji wakamwuliza kama unakwenda na samaki.

"Kosa ni langu," alimwambia Rut, akichora mchangani duara ndani ya duara. "Majivu ya ndizi yana potasiamu. Nilidhani itafanya kazi ya sodiamu, maana ni ndugu. Sodiamu ina elektroni mbili ndani, nane katikati, moja nje. Potasiamu mbili, nane, nane, na moja nje. Kila mmoja huiachia ile ya nje, akabaki ioni yenye chaji moja chanya. Ila sabuni ya potasiamu hubaki laini. Ya sodiamu huganda."

"Na hiyo sodiamu iko wapi?"

"Kwenye chumvi."

Chumvi nayo ilikuwa adimu. Aliyekuwa nayo ni Aliko, mpakuzi wa mizigo wa bandari ya Itungi, mabega kama mlango wa kanisa, shule aliishia darasa la kwanza. Lameck akamwita, akaja na fuko lake.

"Nieleze kwanza," akasema. "Chumvi yangu siimwagi kwenye uji kwa upofu."

Mwenye akili angejibu kwa neno moja. Lameck, kwa kuwa Rut alikuwepo, akahubiri. "Potasiamu inatoka kwenye sabuni, inabaki na kloridi ya chumvi. Sodiamu inashika nafasi yake, moja kwa moja. Hesabu atomu upande huu, hesabu upande ule, zinalingana. Upande wa mafuta haujali nani kaingia, mradi chaji ni ileile."

"Potasiamu je?"

"Inakwenda na maji machafu. Tunayamwaga."

Rut akacheka kwa pua. Lameck akadhani amemfurahisha.

Chumvi ikatiwa. Sabuni ikapanda juu kama maziwa yaliyokatika, maji meusi yakabaki chini. Ilipokauka, ikakatika kwa kisu. Mikono ya Lameck ilikuwa imechunika, hawezi kushika kitu, basi Aliko ndiye aliyeibeba mpaka kwa mzee Ambokile.

Mzee akainusa, akaigonga kwa ukucha.

"Chumvi kaleta nani?"

"Mimi, tata," Aliko akasema, kama mtoto kwa baba yake.

"Majivu?"

"Mimi," akasema Lameck. "Na mawese, na maarifa yote."

"Majivu hata jikoni kwangu yapo."

"Lakini tata, sabuni nimetengeneza mimi."

"Wewe ulitengeneza uji. Tuliuona wote."

Lameck akamgeukia Rut amtetee. Rut akaitazama mikono ile, nyekundu, inayotoka maji.

"Vita vikiendelea Aliko atapata chumvi tena," akasema. "Wewe utapata nini? Maganda?"

Wazee walioitwa wakawa wa Aliko. Mzee Ambokile, asionekane mbaya, akamshika Lameck bega pale mlangoni.

"Kesho uwahi kuwasha moto. Sherehe ina wageni wengi wa kunawa, na Aliko hajui kukoroga sabuni."

"Ndaga, tata," akashukuru Lameck, akaenda kutafuta kuni.