Kuhani Mwenye Jino Bovu

Nicanor Calisaya ana kazi ambayo chuo kikuu hakiifundishi: kuwaombea wasomi ruhusa kwa wafu. Kabla jembe halijagusa ardhi, huchambua majani yake ya koka kutafuta ishara, humwaga pombe kali chini, kisha huwataja mababu mmoja mmoja. "Msikasirike, wazee wetu. Hawa ni wageni, hawajui." Mwaka wa kwanza wanafunzi walicheka. Gari lao likazama kwenye matope ya ziwa siku tatu. Siku hizi wanavua kofia kabla hajafungua chupa.

Mimi Gregoria ni mpishi wao. Nawachemshia viazi vikavu na nyama ya lama, na masikio ninayo.

Nicanor ni mkweli kupita kiasi, na siku moja aliyojaribu uongo ndiyo iliyomponza. Daktari Villalobos, mkuu wa uchimbaji, alimwuliza habari za mnara wa mawe ulio kilimani, mmoja wa yale makaburi ya watu wa kale. "Ule hauna kitu, daktari," akajibu haraka haraka. Weee! Mwambie msomi mahali hapana kitu, uone. Kesho yake walikuwa huko na kamba na brashi.

Mle ndani alikuwamo mama mzazi wa Nicanor.

Eulalia alikufa miaka thelathini iliyopita, rafiki yangu huyo, na alikuwa na kauli zake. "Sijalala mchana maisha yangu yote, halafu mnilaze chali milele kama mlevi? Mnikalishe kama wazee wa kale." Padri akakataa katakata. Basi tukangoja padri aende zake, Nicanor na mimi tukamkunja magoti, tukamzungushia blanketi, tukampandisha mnarani usiku. Baridi ya huku haiozeshi mtu. Walipomtoa alikuwa yule yule, ila amekonda.

Daktari alilia kwa furaha. "Tazameni, taya limefungwa kitambaa! Huyu ni kuhani. Alifungwa mdomo ili siri za miungu zisitoke!" Wanafunzi wakaandika. Kipimo cha umri kingefanywa mjini baadaye. Ukuhani haukuhitaji kusubiri. Siri gani, jamani? Jino lilimtesa wiki nzima, na kitambaa nilimfunga mimi kwa mikono yangu. Mdomo wa Eulalia haukuwahi kufungwa na mtu mwingine, si mume wala padri.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Teodosio Apaza, akaitisha mkutano. "Kuhani analeta barabara! Analeta watalii! Jumamosi anapelekwa makumbusho mjini, na sisi tutamsindikiza kwa ngoma."

Nicanor akanifuata jikoni. "Shangazi, wanamtia mama sandukuni."

"Si useme?"

"Nikisema peke yangu wataniita kichaa. Na wewe utasema?"

"Ngoja kwanza chungu kichemke."

Chungu kikachemka siku nne. Niliogopa, sifichi. Kijiji kizima kingenigeuka, na uzee huu, nani angenilimia viazi? Nikawapikia supu ya kusherehekea, tena chumvi nikaikoleza vizuri.

Jumamosi sanduku likawa tayari, wapiga ngoma nao. Nicanor akasogea mbele, kofia mkononi.

"Daktari, huyo ni mama yangu."

Teodosio akaangua kicheko. "Pombe ya mababu hiyo! Kalale, ndugu yangu."

Daktari hakucheka, ana adabu zake. "Mzee Nicanor, nakuelewa. Kiutamaduni, hawa wote ni mama zenu."

"Si kiutamaduni, daktari. Alinizaa. Alikuwa anaumwa jino."

Daktari akageukia watu. "Kuna shahidi?"

Kila mtu akatazama kandambili zake. Nicanor hakunitazama mimi hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko tusi. Nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja na mwiko wangu.

"Gego la chini, kushoto," nikasema. "Limetoboka. Mfungueni muone."

Daktari akafungua kitambaa. Akainama, akatazama, akatazama tena. Halafu akavua glavu zake.

"Mchukueni," akasema. "Karatasi zake nitazijaza mimi. Nisameheni."

Teodosio akatema mate. "Barabara yetu hiyo inakwenda!" Lakini hakuna aliyesimama njiani. Nicanor akamfunga mama yake mgongoni, akaanza kupanda kilima.

"Pole, mwanangu," nikamwambia kwa nyuma.

Hakugeuka. "Siku nne, shangazi. Wewe unawapakulia supu, na mama yuko pale mezani wanampima kwa rula."

"Ndiyo."

"Siku nne."

"Niliogopa."

Akaendelea kupanda. Nikamfuata hivyo hivyo, maana mlango wa mnara ni mdogo, na lazima mtu atangulie ndani ampokee.