Sindano Niliyomdunga Mwenyewe

Mimi nimejijenga. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli, na mtu yeyote pale Mwingi atakuonyesha duka langu la vifaa vya ujenzi na lori zangu tatu kabla hujamaliza kuuliza. Shule niliacha darasa la sita. Nilianza kwa kufyatua matofali kando ya mto mkavu, na tangu siku hiyo sijamwita fundi kwa kazi ambayo mikono yangu inaiweza. Nyumba ninayolala nimeijenga mwenyewe. Ng'ombe akikwama kuzaa, mimi ndiye ninayeingiza mkono. Mbuzi wangu wakiugua nanunua dawa na kuwadunga mwenyewe, na hawafi.

Kwa hiyo mbwa pia nilimdunga mwenyewe.

Wikendi ile aliitaka mke wangu. Katika miaka ishirini na mmoja ya ndoa yetu hakuwahi kulala mahali ambapo hakuna kazi inayomngoja asubuhi. Mwenzake wa kanisani alimweleza kuhusu nyumba ya kukodi huko milima ya Mbooni, kupita Kikima kidogo, yenye mahali pa kuwasha moto ndani na veranda inayotazama bonde, na wenyewe hawakatai mbwa. "Nataka kusikia baridi," aliniambia. Kwetu Mwingi mtu husema hivyo kama mwingine anavyosema ana hamu ya nyama. Nikalipa siku mbili.

Mbwa tulimbeba kwa sababu ya kitinda mimba wetu, msichana wa miaka kumi. Mimi namwita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa ana jina la mama yangu. Alimwokota yule mbwa akiwa mdogo kama kiatu, chini ya lori, akamlea. Kazi ya shule alikuwa anamsomea yeye kwanza kabla ya mwalimu. Alisema mbwa akibaki, naye anabaki.

Ijumaa njiani tulisimama kula nyama choma. Msichana akamtupia mbwa mifupa. Mbwa aliuchukua mmoja, akatembea nao hatua mbili, akauachia ukaanguka. Nilisema ni kona za barabara zimemchafua tumbo. Tulipofika, msichana alishuka matuta ya shamba mbio kwa furaha, akateleza kwenye changarawe, akachunika viganja vyote viwili. Mke wangu akamfuta, wakacheka. Jioni hiyo tuliwasha moto na mke wangu akanyoosha miguu mbele yake, akasema hajui kwa nini tulichelewa hivi maishani.

Asubuhi ya Jumamosi taya la chini la mbwa lilikuwa limelegea. Ute ulimtoka kama uzi, mdomo haufungiki.

"Ana mfupa," mke wangu alisema. "Ule wa jana. Umekwama kooni."

"Mlete hapa. Mimi nimetoa mifupa kwa mbwa kabla hujazaliwa."

"Mimi ni mkubwa wako kwa miezi mitatu," akasema. "Lakini mtoe."

Msichana akapiga magoti, akashika kichwa cha mbwa kwa viganja vyake vyote viwili. Nikaingiza mkono mpaka kifundo. Koo lilikuwa na joto, halikunisukuma wala kunivuta. Nikapapasa huku na huku.

"Umeupata?"

"Hakuna kitu."

"Angalia vizuri, Baba. Anaumia."

Nikaingiza tena. Nikitoa mkono, jino likanikwaruza vidole. Msichana alikuwa na ute mpaka kwenye mikono ya sweta.

Pale mlangoni mwa jikoni alisimama mama aliyetunza ile nyumba. Alikuwa wa makamo, shemasi kanisani kwao, mtu wa kukupikia huku anakukagua.

"Mzee," akasema, "mbwa yenu imechanjwa?"

"Imechanjwa. Nilimdunga mimi mwenyewe."

"Kumbe wewe ni daktari wa mifugo?"

"Mimi ni mfanyabiashara."

Mke wangu akacheka. "Huyu ni daktari, ni fundi, ni dereva. Kimebaki uchungaji tu."

"Haya, Mungu asifiwe," yule mama akasema. Lakini hakurudi jikoni. Aliangalia mkono wangu.

Hapo mbwa akabweka. Ilikuwa sauti ya kukwama, kama mlango mzito unaoburutwa, haifiki mwisho. Mimi sauti hiyo niliisikia nikiwa mtoto mchunga mbuzi, na baba yangu alitukimbiza sote ndani ya nyumba. Mtu haisahau.

Sasa wacha niseme ile sindano ilivyokuwa. Mwanzoni mwa mwaka nilinunua chanjo ya kichaa cha mbwa kwa agroveti, duka la dawa za mifugo. Msichana wa pale aliitoa kwa friji, akaifunga kwa nailoni na vipande vya barafu. "Mzee, enda nyumbani moja kwa moja. Hii ikishika joto inakufa." Nikamwambia, "Dawa haifi, dawa si kuku." Watu walicheka na mimi nikafurahi kuchekwa hivyo. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, nikapitia kuangalia fahali wawili, kisha nikaenda kwa jengo moja nilikokuwa nikipeleka saruji. Ule mfuko ulikaa juu ya dashibodi ya pikapu, vioo vimefungwa, jua la Mwingi likiupiga tangu asubuhi hadi jioni. Nilipoufungua, barafu ilikuwa maji ya moto. Nikamdunga mbwa hivyo hivyo. Msichana wangu alimshika akimwambia pole, na mimi nikasema, "Sasa huyu ni chuma."

Tena, kama wiki sita kabla ya Mbooni, mbwa alitoroka langoni akarudi na sikio limechanika. Siku hizo kulikuwa na mbwa koko kwenye barabara ya Garissa aliyekuwa akiuma hata matairi ya lori zilizosimama, mpaka watu wakamuua kwa mawe. Mke wangu aliuliza kama tumpeleke wetu kwa daktari. Nikasema alichanjwa.

Basi pale Mbooni, baada ya ule mlio, nikamwambia msichana amwache mbwa apumzike. Nikamfungia kwenye stoo ya kuni. Nikamwambia mtoto akanawe mikono, naye akanawa kama watoto wanavyonawa, akachovya na kujifuta kwa sketi. Sikuweza kumwambia arudie bila kusema kwa nini.

Nikapanda matuta kutafuta mtandao, nikampigia msichana wa agroveti.

"Kuna mtu ninamjua," nikasema, "aliweka ile dawa ya mbwa kwa jua kidogo kabla ya kudunga. Hiyo bado inafanya kazi?"

"Jua kidogo ni saa ngapi?"

"Kama siku moja."

"Mzee, huyo mtu ni wewe?"

"Ni mtu ninamjua."

"Basi mwambie alidunga maji. Na kama mbwa yake inaonyesha dalili, asiiguse. Kuna mtu ameigusa?"

Nikakata simu.

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwambia mke wangu saa saba. Watu wananiuliza habari ya mbwa, lakini mimi kinachonikalia kifuani ni hizo saa tatu. Kutoka pale nilipokuwa niliwaona wote wawili. Mke wangu kwenye veranda, blanketi magotini, Biblia wazi, miguu juu ya kigoda. Msichana amekaa chini kwenye mlango wa stoo, akimwimbia mbwa kupitia mbao. Ningepaza sauti wangenisikia.

Nilitembea kwenye lile shamba kutoka tuta hadi tuta. Nilijiambia ni mfupa ulioingia ndani zaidi. Nikajiambia ni baridi, mbwa wa Mwingi hajazoea. Nikajiambia labda amekula sumu ya panya, na nikaomba iwe sumu. Nilimwahidi Mungu lori moja. Nikaongeza la pili. Mimi najua kupatana bei, nimepatana na watu wagumu, lakini pale hakuna aliyekuwa anapatana nami. Kitu ambacho sikuweza kukitoa ni sentensi moja. Tangu nioe, mke wangu amekuwa akiwaambia watu kwamba kwangu hakiharibiki kitu. Alisema hivyo hata kwa ndugu zake waliomkataza kuolewa na mfyatua matofali. Niliona afadhali nife. Halafu nikakumbuka kwamba atakayekufa huenda si mimi peke yangu, na bado sikushuka.

Nilishuka kwa sababu msichana aliniita.

"Baba, anataka kunywa lakini maji yanakataa."

Alikuwa amesukuma sahani ya maji chini ya mlango. Nilichungulia kwenye ufa. Mbwa alitia mdomo kwenye maji, koo likashtuka, maji yote yakarudi nje. Akatia tena. Na kando ya sahani, kupitia lile pengo, kulikuwa na mkono wa mtoto wangu, kiganja kilichochunika kikiangalia juu, na mbwa akijaribu kukilamba.

Nilimvuta mtoto kwa bega mpaka akaanguka chali. Akanitazama kama mtu asiyenijua.

Nikaenda kwenye veranda. "Ile chanjo ilikuwa imekufa," nikasema.

"Chanjo gani?"

"Ya mbwa. Niliiacha kwa jua kutwa. Nilijua."

Mke wangu alifunga Biblia. "Asubuhi, huyu mama alipokuuliza?"

"Nilidanganya."

"Na lile sikio?"

"Nilidanganya."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinuka, blanketi likaanguka, akanipita kama anavyopita nguzo ya veranda, akamchukua mtoto.

Yule mama mtunzaji alikuwa tayari amefungua mfereji wa nje, ameshika kipande cha sabuni ya kufulia. "Leteni mikono hapa," akasema. "Mzee, na wewe."

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Niliona ute."

"Si ungesema basi."

"Nilisema. Nilikuuliza, ukanijibu."

Alitusugua. Hakuwa na saa, alituambia tusitoe mikono kwenye maji mpaka amalize nyimbo tatu za kanisa, beti zote. Akaimba kwa Kikamba, polepole, bila kuruka ubeti. Sabuni iliingia kwenye viganja vya msichana, akalia wimbo wa kwanza wote, na wa pili akanyamaza. Mke wangu alimshika kiuno. Mimi nilisugua vidole vyangu mpaka damu ikatoka tena.

Kwenye zahanati ya karibu walituambia dawa hiyo tutaipata hospitali kubwa huko chini. Niliendesha zile kona kwa mikono iliyonuka sabuni. Katikati ya mteremko msichana akauliza kutoka nyuma:

"Baba, ulijua?"

"Nilijua nusu."

"Nusu gani?"

Mke wangu aliangalia dirishani mpaka tulipofika.

Kijana aliyetupokea alikuwa na kalamu na fomu. Benchi lilikuwa limejaa watu. "Mbwa alichanjwa lini?" akauliza. Nikamwangalia mke wangu, naye akaangalia ukuta.

"Hakuchanjwa," nikasema.

Ni jibu fupi kuliko yote niliyowahi kutoa mbele ya watu.

Alitueleza taratibu. Huu ugonjwa ukishaanza kwa mtu hauna dawa, lakini chanjo ikiingia mapema inautangulia. Tulidungwa sindano ya mkono, na tena nyingine kuzunguka mikwaruzo. Msichana walimdunga viganjani, mahali penye nyama kidogo kabisa. Hakunishika mimi, alimshika mama yake. "Mmefanya vizuri kuja siku hiyo hiyo," kijana akasema. Nilitaka kumwambia kuhusu zile saa tatu. Sikumwambia.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, afisa wa mifugo alikuja kwenye ile nyumba. Mbwa alikuwa bado anapumua. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa stoo, kwa sababu alikuwa wangu, na sikumtaka mwingine afungue. Alijaribu kutikisa mkia. Afisa alifanya kazi yake haraka, kichwa kikachukuliwa kupimwa, mwili ukachomwa. Msichana aliuliza kaburi liko wapi na hatukuwa na kaburi la kumwonyesha. Siku chache baadaye nikapigiwa simu. Kilikuwa kichaa.

Tumemaliza sindano zote, yeye na mimi. Mama yake ndiye aliyempeleka, na mimi nikaenda siku zile zile kwa gari lingine. Daktari anasema tuko salama, tuendelee na maisha. Mimi nimeamini watu wenye shule ndogo kuliko yake. Lakini kila asubuhi msichana anapokaa kunywa chai kabla ya shule, nasimama mahali ninapoona koo lake. Akimeza, napumua. Akikohoa, nahesabu mpaka ameze tena. Nilifikiri nafanya kwa siri.

Wiki iliyopita alishika kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa.

"Baba, usiniangalie nikinywa."

"Sikuangalii, mwaitu."

"Unaniangalia. Unaangalia kama nitakufa."

Mke wangu, aliyekuwa kwenye jiko, hakugeuka. Nikageuza uso, nikaangalia ukuta wangu niliojenga mwenyewe, mpaka niliposikia kikombe kimewekwa chini.