Magugu ya Shamba la Mwalimu

Uvumilivu uliniisha Jumapili mchana, jikoni, mwanangu wa darasa la pili akiwa ameshika pakiti ya majani ya chai kichwa chini miguu juu, ananisomea.

"Hapa wameandika majani ya chai."

"Umejuaje?"

"Si yananukia, mama."

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika ukutani MAMA, herufi kubwa kama mbuzi. "Na hapa?"

Akautazama ukuta, akautazama mkono wangu. "Mkaa."

Nilirusha mwiko. Sikumrushia yeye, niliurusha mlangoni, ukamkosakosa mama mkwe aliyekuwa anaingia na kuni. Mtoto wa miaka tisa, mwaka wa pili shuleni, hajui M. Na ni mtoto huyuhuyu aliyekuwa ananifundisha mimi, mama yake niliyemaliza kidato cha nne, majina ya mimea ambayo sijawahi kuyasikia.

Hapo ndipo nilipojikasirikia na mimi mwenyewe, maana yale majina nilikuwa nimeyafurahia.

Yalianza na mvua za kwanza. Tulikuwa tunakaa Kabungu, mume wangu yuko Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki, anarudi baada ya majuma kadhaa. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mama mkwe, mimi na huyo binti. Siku moja binti akarudi kutoka shule, sketi imejaa vijiti vyeusi vyenye meno mawili mawili. Nikaanza kugomba. Yeye akacheka.

"Hivi ni vishona nguo, mama. Unaona? Vimeshona."

Nilikuwa navijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kukaa nikalisikiliza jina. Kishona nguo. Mtu aliyekiita hivyo alikaa chini kama mimi, akachomoa kijiti kimoja kimoja kwenye pindo, na badala ya kutukana akatoa jina. Nikatafuta daftari langu la zamani la Bayolojia, lililobakiwa na kurasa nyeupe nyuma, nikaandika. Kesho yake akaleta jingine. Ikawa mchezo wetu wa kila jioni.

Alileta kifauongo, kile kijimea ukikigusa kinakunja majani kinajifanya kimekufa. "Na sisi tunafanya hivyohivyo," akasema. "Mwalimu akiondoka tunalala chini, akirudi tunaamka." Nikacheka mpaka machozi. Nilicheka tu, sikuuliza wanalala chini wapi.

Alileta kiduha, kigugu chenye maua ya zambarau kinachojishika kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya mpaka yananyauka. Jina hilo alilipata kwa mtoto wa wale wafugaji waliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini. "Mwenzangu wa mstari ndiye kanifundisha," akasema. Mimi nikadhani mstari wa asubuhi, wa kukaguliwa kucha.

Alileta kongwa, lile jani laini la maua ya buluu. Hilo lilininyima usingizi. Sekondari tulisoma historia ya misafara ya watumwa, na ule mti wa panda waliofungwa shingoni nao uliitwa kongwa. Je, ni neno moja? Jani hili ukiling'oa ukalilaza chini linaota tena, halikuachii. Au limetoka kwenye ukongwe, maana halifi? Nikamwuliza mama mkwe, Mkonongo wa hapahapa, aliyelima tangu kabla sijazaliwa.

"La shingoni silijui," akasema. "La shambani najua ukiling'oa ulitundike juu ya kisiki, likauke."

"Lakini mama, jina limetoka wapi?"

"Wewe mkwe wangu, ukikutana na nyoka unamwuliza ukoo?"

Sikukoma. Nikamletea la ulezi. Nafaka hii tunawapikia watoto uji, na kulea mtoto ni ulezi vilevile. Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwamba bila shaka nafaka imepewa jina kwa sababu inalea. Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Na pombe tunayoipika kwa ulezi, nayo inamlea nani?"

"Inawalea wazee," akajijibu, akaendelea kupepeta. Nikaenda kuweka alama ya kuuliza mbele ya sentensi yangu. Mpaka leo ipo.

Nilifurahi, sifichi. Nilisema moyoni, jamani, shule siku hizi wanafundisha mimea kwa vitendo, si kama sisi tuliochorewa ubaoni. Jembe alilobeba kila asubuhi halikunishtua. Sisi wote tulibeba majembe shuleni. Malengelenge mikononi nilidhani ni kinu cha nyumbani, nikampunguzia kutwanga!

Sasa Jumapili ile, mwiko uko mlangoni, nikamkalisha.

"Haya majina yote unayasomea wapi?"

"Shambani kwa mwalimu."

"Siku gani?"

"Siku za jua. Mvua ikinyesha ndiyo tunaingia darasani."

Mama mkwe akasema neno moja la Kikonongo ambalo sitaliandika.

Jumatatu saa tatu nilikuwa shambani. Sikuhitaji kuelekezwa, nilifuata nyayo za watoto kwenye tope. Darasa zima limeinama kwenye mahindi, kila mtoto na mstari wake. Mwalimu wao amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, miguu imetandazwa, anasikiliza redio.

"Karibu mama," akasema, bila kuzima.

"Leo si Jumatatu, mwalimu? Si siku ya kusoma?"

"Hii ni Elimu ya Kujitegemea."

"Shamba la shule liko kule nyuma ya vyoo. Hili ni la nani?"

Akajikohoza. Halafu akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo linaloniuma mpaka sasa. "Mama, mwanao anajua magugu kuliko bwana shamba. Hiyo si elimu? Nasikia hata wewe unaandika."

Ilikuwa kweli, na alikuwa ameichukua furaha yangu ya jioni akaifanya ngao yake. Nikamwita binti. Nikampa kijiti.

"Andika kongwa hapo chini."

Akatazama udongo. Akatazama wenzake. Akainama, akang'oa jani la kongwa lenyewe, akaliweka miguuni pangu.

Hakuna aliyecheka, hata mwalimu. Halafu mwalimu akasema, "Nyie wanawake mliogusa sekondari mna shida sana."

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Yeye alinisikiliza akipanga chaki, akaniambia kama nina malalamiko niyalete kwa maandishi, maana maneno matupu hayafanyiwi kazi. Nadhani alifikiri nitaenda nyumbani kupika.

Niliandika kwenye karatasi nilizochana mwishoni mwa daftari lilelile, kwa kalamu ya buluu, nakala mbili. *Yah: Wanafunzi wa darasa la pili kutumikishwa katika shamba binafsi la mwalimu saa za masomo.* Nikaandika tangu lini, na majina ya mazao yaliyopo shambani. Nikaandika kwamba mwanangu anayajua magugu yote ya shamba lile na hajui kuandika hata moja, na kwamba kosa si la mtoto. Nikaomba darasa lile lirudishiwe masomo ya mwaka huu na mwalimu mwingine.

Barua sikumpelekea mwalimu mkuu, niliipeleka ofisi ya kata. Mratibu wa elimu wa kata aliisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Akafika kwenye *kutumikishwa*, kidole kikasimama.

"Hapa, mama, tungeweka *kushirikishwa*. Neno hili kali. Mambo yangekwenda vizuri zaidi."

"Aliyeshirikishwa ana fungu lake," nikasema. "Mwanangu fungu lake lipi?"

"Basi weka hata *kutumiwa*."

"Hapana, baba. Nimelitafuta neno hilo siku mbili. Libaki."

Akafungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia. Akagonga nakala yake, akagonga na yangu, juu kabisa, pembeni ya neno lenyewe.