Dorca na Pumzi za Ngege

Saa mbili asubuhi, Jumanne. Katika maabara ya chuo mjini Bondo, Dorca Ondiek ameinamia tangi la kioo akihesabu pumzi za ngege, samaki wa ziwani: matamvua yanafunguka mara ngapi kwa dakika. Amefika themanini na tatu simu inapolia. Ni Jacinta, jirani yao wa ufuoni mwa ziwa.

"Dorca, baba yako ameanguka kwenye boti. Usiulize mengi. Njoo."

Alipofika, Mzee Ondiek alikuwa ameshafunikwa shuka.

Miaka miwili imepita. Dorca, ishirini na sita sasa, hulinda vizimba kumi vya samaki alivyovilinda baba yake, mwendo wa dakika ishirini kwa kasia kutoka nchi kavu. Ni mali ya kikundi anachokiongoza Jacinta. Mshahara ni shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi.

Alisomea fiziolojia ya wanyama kwa sababu ya vizimba hivyo. Akiwa kidato cha tatu, alfajiri moja, baba yake aliwaona samaki wamepanda juu midomo wazi, akadhani ni njaa, akawalisha. Kufikia saa sita walikuwa wanaelea, wamekufa.

"Baadaye alikuwa akinitania," Dorca anakumbuka. "'Kumbe watu husomea kuhesabu pumzi za ngege! Na zangu anahesabu nani?' Nilicheka tu."

Darasani walikuwa kumi na wawili. Sheila anauza dawa za mifugo Awasi. Wechuli yuko maabara ya hospitali Kisumu. Mwingine ni bodaboda Manyatta, husema shahada yake iko chini ya kiti. Kundi lao la WhatsApp limenyamaza tangu Krismasi.

"Kuna siku nakohoa nashtuka," anasema Dorca. "Nakumbuka kumbe nina sauti."

Juni, nusura apoteze hata kazi hiyo. Samaki walipanda tena, midomo wazi. Wanakikundi wakafika na boti, na Mzee Ouma, mweka hazina, akavuta gunia la chakula.

Dorca akalikalia.

"Hawana njaa, Mzee. Wanakosa hewa. Maji mabaya ya chini yamepanda. Wakila sasa watahitaji hewa zaidi."

"We msichana! Hata samaki wanapiga magoti kuomba, wewe umekalia chakula chao?"

"Mwaka ule baba alipowalisha wakiwa hivi, alibaki hata mmoja?"

Ouma akaliachia gunia. Jacinta akaingilia. "Haya, kaa. Lakini wakifa, ufuo huu usiukanyage."

"Wakifa, nitaenda mwenyewe."

Walikaa botini wakiwatazama samaki. Saa nne upepo ulivuma, mawimbi yakaanza kuyakoroga maji, na ngege wakashuka mmoja mmoja. Walikufa kumi na wanne kati ya elfu ishirini.

"Ondiek alituachia kichwa ngumu kama chake!" Jacinta akapiga makofi, akicheka.

Boti ikarudi ufuoni na wanakikundi, Dorca akabaki vizimbani. Akasoma kipimo cha hewa majini, akageuka kumwambia mtu namba iliyopanda. Nyuma yake kulikuwa na maji tu.

Ameomba apewe mwenzake wa zamu, amfundishe kupima maji, ili Septemba arudi chuoni kwa shahada ya pili. Kikundi kimekubali, na tangazo limebandikwa ufuoni wiki ya tatu sasa.

Hajajitokeza mtu.